Sufuria Iliyorudi Imejaa

Wiki iliyopita nilipeleka gari kitongoji cha Savage kubadilishiwa matairi kabla theluji haijaanza, na nilipokaa kusubiri nikagundua nimeketi pale pale tulipokuwa tukiabudu. Ukumbi wetu wa Jumapili sasa ni duka la matairi. Zulia la kijani limeng'olewa, ila hita ya ukutani bado inagonga kama mtu anayetaka kufunguliwa.

Kama ulikulia kwenye ushirika mdogo wa watu wa nyumbani huku ughaibuni, unaijua harufu ninayoisema: buti zikichuruzika theluji mlangoni, bizari, mafuta ya nywele, chai ya tangawizi. Mama alikuwa muuguzi na wikendi zake zilimezwa na shifti, kwa hiyo nililelewa na nyanya. Hakujua Kiingereza wala kuendesha gari. Wiki nzima alizungumza nami na televisheni. Jumapili ndipo alipoulizwa magoti yanaendeleaje, akataniwa kuhusu kofia yake ya sufu. Na pilau yake, aliyoifunga kwa taulo na kuipakata njia nzima kutoka kwetu Lakeville, ndiyo iliyokwisha kwanza.

Kiongozi tulimwita Mwalimu. Alifundisha kwa ngazi, na kila ngazi ilikuwa na mambo ambayo wa chini hawakuruhusiwa kuyahoji. Aliyehoji alisemekana amechafuka. Hakufukuzwa, hakukemewa. Chakula chake tu hakikuguswa. Watu walipita mezani wakipakua huku na huku, wakiiruka sufuria yake, mpaka atubu mbele ya wote.

Jumapili moja Mwalimu alifundisha kwamba kila udhaifu wa mwili huzaliwa na shaka. Nilikuwa na umri wa kung'oka meno. Nikanyoosha mkono.

"Sasa Mwalimu, mbona unavaa miwani?"

Mama mmoja, jirani wa nyanya kiti kwa kiti miaka yote, alicheka, kisha akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Hita ikagonga. Mwalimu akatabasamu, akaendelea na somo.

Jumapili iliyofuata nyanya alifunua sufuria, mvuke ukapanda, na watu wakapita. Jirani yake naye akapita, macho kwenye kachumbari. Tulirudi na sufuria imejaa, imepoa mapajani mwake.

"Nitaomba msamaha, nyanya," nilimwambia jikoni.

"Ulimtukana?"

"Hapana. Niliuliza tu."

"Basi utaombaje msamaha wa swali? Ngoja ujibiwe. Kula."

Tulikula pilau ile wiki nzima. Usidhani alikubaliana nami. Alimwamini Mwalimu mpaka mwisho; aliamini magoti yalimuuma kwa sababu ya shaka fulani aliyoshindwa kuitaja. Hata hivyo majira yote ya baridi alipika, akafunga taulo, akapakata, akarudisha. Hakuna aliyeitania tena kofia yake. Nami nilitafuna pembeni yake nikifurahi kimoyomoyo kwamba swali langu halikuwa na jibu.

Baadaye alirudi Kenya, akafia huko. Mwalimu alihamia jimbo jingine na ushirika ukavunjika. Mwaka huu nilikutana na yule jirani dukani Maple Grove.

"Si wewe ni yule mtoto wa miwani?" Akanishika mkono. "Hata mimi nilikuwa najiuliza, mwanangu. Tulikuwa wengi. Na ile pilau ya nyanya yako, wee, nilikuwa nameza mate tu."

Alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilishindwa kucheka.

Chuo kikuu nilijifunza kuhoji kila kitu, na hakuna anayeninyima chochote kwa hilo. Swali lile ningeliuliza tena leo. Hapo ndipo panaponiuma: lilikuwa swali zuri, na aliyelilipia ni mtu ambaye hakuuliza. Ukumbi umekwenda, zulia limekwenda, na wale waliopita mezani wametawanyika vitongojini, kila mmoja na swali alilolimeza.

Sufuria ninayo. Jumamosi, baada ya matairi, nilipika pilau nikaita marafiki. Walibishana kuhusu Mungu, wakachekana, wakapakua tena bila kuacha kubishana. Walipoondoka niliinamisha sufuria chini ya taa. Ulibaki ukoko tu. Sikuiosha. Niliiacha wazi mezani mpaka asubuhi, kama vile yuko mtu wa kuionyesha.