Mitambo ya Gerbrich Yahamia Kanisani

Gerbrich Wiersma alianza na kompyuta moja tu. Ndiyo aliyochorea malango ya mifereji miaka yote ya kazi yake, na ofisi ilipoitupa, aliikokota hadi nyumbani kwa toroli la bustani. Usidhani ni kompyuta ya kuandikia barua. Ni zile za wahandisi, zenye skrini nzito ya kisogo kirefu, ambazo enzi zake moja ilikuwa na bei ya nyumba. Sisi majirani zake hapa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, tulisema ni uchungu wa kustaafu, utapoa. Haukupoa. Alizifuata nyingine hadi Denmark, na zizi la ng'ombe la marehemu baba yake likajaa.

"Jirani, ukitaka mke wangu akutazame, ota waya mgongoni," mumewe Douwe alizoea kuniambia.

Nilimuuliza Gerbrich siku moja anaona nini humo. Alikuwa amelala chali chini ya meza, bisibisi mkononi.

"Daraja ulilopita kuja hapa lilizaliwa ndani ya mashine kama hii," alisema. "Kila mtu analijua daraja. Mama yake hajulikani."

Vuli iliyopita kaka yake, mwenye shamba lenye zizi hilo, aliamua kuliuza. Zizi lingebomolewa. Makumbusho moja ilikubali kuchukua mashine moja, ikae nyuma ya kioo, isiwashwe.

"Isipowashwa ni kabati," Gerbrich aliwajibu, akakata simu. Kisha akashinda zizini akipangusa vumbi mashine moja moja, jambo lililomtisha Douwe kuliko kelele. Ndipo Douwe mwenyewe akatoa wazo.

"Kanisa letu limefungwa. Lina umeme, halivuji, na Mungu hana haraka nalo."

Funguo alikuwa nazo mzee Tjeerd Nauta, mtunza kanisa, aliyehamia kijijini uzeeni. Alitusikiliza akiwa mlangoni kwake, mkono kiunoni.

"Nyumba ya ibada si jalala la vyuma, mama."

"Njoo uzione kwanza, mzee wangu."

"Kompyuta nazijua. Ya kwangu kazi yake kunigombeza nimesahau nywila."

"Douwe amepika supu ya njegere."

Mzee akavaa koti.

Zizini Gerbrich aliwasha mashine ya kijivu. Betri yake ya ndani ilikufa zamani, kwa hiyo kila inapoamka haikumbuki hata jina lake. Lazima aiandikie upya. Feni zikavuma, harufu ya vumbi la moto ikapanda, na kwenye skrini ikatokea programu ya kuchora meli.

Tjeerd akaweka bakuli la supu chini.

"Hii tulikuwa nayo kiwandani," alisema.

"Kiwanda gani?"

"Cha meli. Nilikuwa mchoraji, kabla hakijafungwa."

Hakuna aliyekuwa akijua. Alivuta kiti, akashika kipanya, na vidole vikaenda vyenyewe. Mstari ukajipinda, wa pili ukaufuata, hadi tumbo la meli likajitokeza kwenye kioo.

"Nilidhani mambo haya yamenitoka kichwani," alinong'ona.

"Supu inapoa, mzee," Douwe alimwambia.

"Iache ipoe."

Kesho yake alimletea Gerbrich funguo.

Tulihamisha kwa trela za trekta. "Shikeni chini! Chini, nimesema, hiyo si gunia la viazi!" Gerbrich alipiga kelele hadi sauti ikakauka. Skrini moja ilituponyoka kwenye ngazi, ikapasuka. Hakutugombeza. Alikaa pale kwenye ngazi akalia kidogo, kisha akafungua kasha la skrini hiyo kuona vipuri gani vimesalimika.

Majira ya kuchipua wakafungua milango. Kwa furaha Gerbrich akawasha zote kwa pamoja, na kanisa zima likazimika.

"Amina!" Douwe alisema, na watu wakacheka hadi kwenye viti vya nyuma.

Siku hizi zinawashwa kwa zamu. Kila Jumamosi hufika watu waliochora kwa mitambo hiyo ujanani, wengine kutoka mbali, na Gerbrich anawasogezea kiti. Wiki iliyopita nilimkuta akibishana na Tjeerd kuhusu pua ya meli aliyoichora, kama imekaa sawa au imeinuka mno. Hakuna aliyegeuka kunisalimu.