Shati la Kaki Getini

Jina lake kazini ni Bi Kipimo, na halimuudhi. Ukiingia kwake kumsindikiza jirani, utapimwa presha. Fundi aliyekuja kurekebisha taa alipimwa presha akiwa bado juu ya ngazi.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa muuguzi wa hospitali kubwa. Siku alipoagizwa aulize kadi ya bima kabla ya kumshika mgonjwa mkono, hakugombana na mtu. Aliweka kofia yake juu ya meza ya msimamizi, akapita jikoni kuwaaga wapishi, akaenda zake.

Tangu hapo yuko kwenye zahanati ya mtaa, vyumba viwili vilivyokuwa duka la rangi. Ukutani bado kuna vipande saba vya rangi ya kijani tofauti, na watoto huvihesabu wakingoja sindano. Wanaotibiwa hapo ni vibarua, wasusi na wabeba mizigo wasio na bima, pamoja na wageni waliovuka mpaka bila karatasi. Kadi za wagonjwa zilipoletwa zikiwa na mstari wa kujaza uraia, Bi Kipimo alichukua mkasi akaukata mstari huo kadi moja baada ya nyingine, mia nne zote, mpaka kidole gumba kikatoa lengelenge.

Mwaka huu wagonjwa wa Jumanne, siku ya presha na wajawazito, wakaanza kupungua. Kutoka thelathini na mmoja walifika kumi na tisa, kisha kumi na mmoja. Katibu wa kamati ya zahanati alisema huenda watu wamepona. Bi Kipimo alimuuliza kama amewahi kuona presha inayopona kama mafua.

Mmoja wa waliopotea ndiye aliyemkosesha raha. Alikuwa mfua nguo, mgeni, mwenye mimba ya miezi minane na presha iliyokuwa ikipanda kila wiki. Aliambiwa asikose hata Jumanne moja, kwa kuwa presha ile ingeweza kumuua yeye na mtoto. Alikosa tatu, na simu yake haikupatikana.

Jumanne ya nne Bi Kipimo alitia mashine yake kwenye mkoba akamfuata kazini, nyuma ya nyumba ya wageni. Alimkuta amesimama akipiga pasi mashuka, miguu imevimba hadi mikanda ya kandambili imezama ndani ya nyama. Alimkaripia kabla hata ya salamu. Alimwita mpumbavu, akamuuliza anataka mtoto alelewe na nani.

Mfua nguo alingoja amalize.

"Mama, nimekuja Jumanne zote. Naishia kwenye kona. Siku hizi mmeweka askari."

Bi Kipimo alisema hawana askari yeyote. Yule dada akamweleza askari huyo kwa utulivu: shati la kaki, vifungo mabegani, kofia. Waliomchukua mume wake mwaka jana walivaa hivyo hivyo.

Hapo Bi Kipimo alielewa. Bomba la uani lilipoibwa, kamati iliajiri mlinzi, na mwaka huu kampuni yake ikambadilishia sare, ikampa ya kaki. Kila asubuhi Bi Kipimo alilipita shati lile akalisalimu. Alikata uraia kwenye kadi mia nne, kisha akauacha usimame getini na kofia kichwani.

Alimpima mfua nguo palepale juu ya meza ya pasi. Mia moja na sabini na nane kwa mia moja na kumi na sita.

"Twende."

"Mpaka yule aondoke."

Walikwenda hadi kwenye kona, na mfua nguo hakusogea hatua nyingine. Bi Kipimo akatangulia peke yake. Mlinzi alikuwa mzee mpole, naye hana bima, na yeye pia alikuwa na kadi iliyokatwa.

"Vua shati."

"Sista, kampuni itanifukuza."

"Wakija waambie nimekuvua mimi. Vua."

Katibu alitoka na mkataba mkononi, akasoma kwamba mlinzi lazima awe na sare wakati wote. Bi Kipimo hakumtazama. Alilichukua shati akalizamisha kwenye ndoo ya dawa ya madoa, pamoja na mashuka ya wagonjwa. Kaki ilianza kutoka mabaka meupe.

Katibu alisema ataandika barua.

"Andika. Na uandike kuwa watu ishirini walikuwa wanakufa kwa adabu kwenye kona, wewe ukisema wamepona."

Mfua nguo aliingia akiwa ameshikilia ukuta. Daktari wa zahanati alimchoma sindano, akamlaza. Baada ya saa mbili presha ilikuwa imeanza kushuka na mtoto bado anapiga mateke, lakini daktari alisema angechelewa siku mbili tu wasingekuwa na la kufanya.

Bi Kipimo alitoka nje kuvuta pumzi. Mlinzi alikuwa amekaa getini na fulana ya ndani, mikono ameikunja kifuani kwa aibu. Alimwambia kwamba kwenye kona kuna wanawake wengine wawili, na kwamba huwaona kila Jumanne.

"Kila Jumanne? Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, Sista. Mimi nililetwa kulinda bomba."

Bi Kipimo alitaka kumfokea. Akaokota mkoba wake, akaenda kwenye kona.