Maneno Niliyotia kwenye Tuni ya Mwinjilisti

Baba mdogo aliponiomba nitunge maneno ya kumcheka mwinjilisti wa Mugutha, nilipaswa kukataa. Nilikuwa nimesoma sekondari, nilikuwa karani kwenye shamba la kahawa nje ya Ruiru, na zaidi ya yote nilitaka kumwoa binti wa mwinjilisti huyo huyo. Mwenye akili angeinuka akaenda zake. Mimi niliuliza tu, "Kwa tuni gani?"

"Ile yake," akasema baba mdogo. "Ile anayoivuta kama mtu anayemtoa ng'ombe matopeni."

Tuni yenyewe haikuwa na kosa. Ilikuja na wamishenari, na maneno yake ya kwanza aliyatunga Mzungu mmoja ambaye sidhani aliwahi kuona jasho. Mwinjilisti alimpokonya tuni akaitilia maneno ya Kikuyu, ya kwake mwenyewe, na kanisa zima likayashika kwa moyo. Kisha serikali ya mkoloni ikatangaza Hali ya Hatari, na watu wasiojulikana wakaitilia maneno ya mashamba yaliyonyang'anywa. Basi Jumapili homugadi, walinzi wa serikali, walisimama dirishani na bunduki zao, wamekunja uso, wakichunguza kama tunamwomba Mungu au tunadai ardhi. Tuni ni ile ile, wangejuaje?

Mimi nikawa mtungaji wa nne, na wa mwisho kwa heshima. Baba mdogo alisimamia wafanyakazi waliogeuza kahawa kwenye meza za kuanikia, na jua lilipokuwa kali walihitaji kitu cha kuwachekesha. Kwa kuwa Wakamba na Wajaluo walikuwamo, nilitunga kwa Kiswahili:

Mzee wetu wa Mugutha,
tumbo mbele, yeye nyuma;
akiombea kikombe,
chai hulala, hukoroma.

Walicheka mpaka mnyapara Mzungu akatoka kutazama nani amekufa. Walinipigia makofi. Sikuwa nimewahi kupigiwa makofi na mtu yeyote, nikaongeza beti nyingine tano.

Msichana wangu, huyo binti wa mwinjilisti, alizisikia kwa wachumaji kahawa. Alikuwa akifanya kazi hospitalini Thika, na hakuhitaji kuambiwa zilitoka kwa nani.

"Hapo kwenye chai nilicheka," akaniambia. "Ni kweli tupu, huiombea mpaka ipoe. Lakini sasa acha."

"Ni mchezo tu."

"Wewe mwenye mchezo, baba yangu ana masikio. Waambie waache."

Nilimwahidi. Sikuwaambia, kwa sababu kila nilipopita kwenye zile meza waliniimbia, nami nilipenda.

Siku ya kupeleka posa, chifu alitupa ruhusa ya kukusanyika. Baba yangu alikuwa amefariki, kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Alikuja na wazee wawili wa rika lake, wote watatu wageni kabisa kanisani. Mbuzi walikuwa wametangulia siku moja. Njiani wazee wangu walisimama mahali fulani "kusalimia mtu," wakatoka wakinuka pombe ya muratina na wakitafuna majani ya mpera kuficha harufu.

Nyumba za wokovu zilikuwa na desturi yao: kabla ya neno lolote la mahari, mwenyeji huanzisha wimbo na wageni humfuata. Mwinjilisti alisimama, akafumba macho, akaanzisha wimbo wake. Unaweza kukisia ni upi.

Baba mdogo naye akafumba macho ili aonekane mcha Mungu. Hilo ndilo lililotumaliza, maana hakuniona nikimkonyeza. Alijua tuni ile kwa maneno ya aina moja tu, aliyoyaimba kutwa mara mia, na mdomo ulipoanza kufuata njia uliyoizoea hakuna aliyeuongoza. Wazee wa rika lake wakamuunga mkono kwa besi nzito. "Tumbo mbele, yeye nyuma" ilijaa nyumba. Wa kwetu wakiimba tumbo, wa kwao wakiimba msalaba, nyimbo zote mbili zikafika pamoja kwenye ile noti ya juu.

Wa kwao wakanyamaza. Baba mdogo akafumbua macho, akajisikia, akafunga mdomo kama mtu aliyemeza nzi. Mmoja wa rika lake, aliyeletwa kwa kazi moja tu ya kunisifu, akadhani wametulia kwa kupendezwa.

"Ni huyu kijana aliyetunga," akasema, akinishika bega. "Kichwa chake si cha mchezo, wathoni, wakwe zetu!"

Mwinjilisti hakutazama upande wangu. Aliimba beti zake zilizobaki peke yake, zote, polepole, na tumbo lake lilipanda na kushuka mbele ya macho yetu. Kisha akaagiza chai. Ilipoletwa tuliinamisha vichwa tukingoja sala.

"Kunyweni ikiwa bado moto," akasema. "Nisiwacheleweshe."

Kesho yake mbuzi wetu walirudishwa, wote. Kwetu hiyo ndiyo barua ya kukataliwa.

Nilimfuata binti yake Thika, nikamsubiri karibu na daraja la Chania mpaka alipotoka kazini. Nilimwambia nitaenda kupiga magoti.

"Nenda," akasema. "Atakusamehe, ni kazi yake. Mimi ndiye nisiyetaka."

"Lakini wewe mwenyewe ulicheka!"

"Nilicheka, halafu nikakuomba uache. Ungekuwa umemkosea kwa hasira ningekutetea. Wewe ulimuuza baba yangu kwa makofi ya watu wanaogeuza kahawa. Mimi nitakapozeeka, utaniuza kwa nani?"

Akavuka daraja, akaenda zake.

Aliolewa na seremala wa Thika, mtu asiyejua kuimba wala kuchekesha. Mimi nilikaa miaka mingi kabla ya kuoa, nikampata mwanamke mwema ambaye sikumpenda kama yule, naye alilijua jambo hilo mpaka siku niliyomzika. Beti sita za upuuzi zilininyima mwanamke niliyemtaka, na yule niliyemwoa akaishi maisha yake yote na mume nusu.