Geji Kubwa Kuliko Zote

Mtaniona mjinga, na hamtakuwa mmenionea, kwa hiyo sianzi kwa kujitetea. Nilikwenda kumwezekea mama yangu nyumba nikaishia kuiezua, tena mbele ya wakwe, mbele ya ng'ombe wa mahari na mbele ya simu zisizopungua kumi zilizokuwa zinarekodi.

Nyumba yenyewe iko Runzewe, nje kidogo ya senta, ya tofali za kuchoma, aliijenga marehemu baba. Paa lake lilikuwa la bati za zamani zilizopiga kutu mpaka zikawa na rangi ya ugoro, na juu ya bati yalipangwa mawe. Kwetu kabla ya mvua kuanza kuna upepo unaobeba vumbi, ndoo, nguo za kwenye kamba na chochote ambacho hakijashikiliwa, basi watu huweka mawe ili bati zitulie. Baba aliyaleta yale mawe kwa baiskeli kutoka mlimani, moja au mawili kila safari, akapanda akayapanga mwenyewe. Mimi, mwanawe, nikiyatazama niliona umaskini tu.

Mimi nakaa Nyasubi, Kahama, nauza viatu (kumbukeni hilo la viatu, ndilo lililoniponza). Dada yangu Kabula alipopata mchumba, na wakwe kutoka upande wa Geita wakatuma salamu kwamba wanaleta ng'ombe, nilishindwa kuvumilia wazo la wale wazee kukaa uani kwetu wakitazama mawe juu ya paa. Nikampigia mama nikamwambia naleta bati mpya za rangi. Mama akasema, "Hili halivuji, bhabha." Nikamjibu kwamba suala si kuvuja.

Dukani niliingia kifua mbele nikasema nataka bati geji kubwa kuliko zote. Muuzaji akauliza, "Za nyumba au za banda?" Nikaona ananidharau. Nikarudia, geji kubwa, akanitolea thelathini na mbili, na bei ikawa nafuu kuliko nilivyotarajia, nikajua amenipunguzia kwa sababu ameona mimi ni mfanyabiashara mwenzake. Sasa nyie mnaojua bati mmeshaanza kucheka. Kwenye viatu namba ikipanda kiatu kinakuwa kikubwa. Kwenye bati namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia, au labda waliniambia nikawa naongea.

Maana mmoja aliniambia. Fundi Zakaria, Msumbwa mmoja mpole ambaye ameezeka nusu ya Runzewe, alinyanyua bati la kwanza kwa vidole viwili, akasoma maandishi, akaniita pembeni.

"Baba Neema, hii ni thelathini na mbili."

"Ndiyo. Ulitaka nilete ishirini na nane kama mtu asiye na kitu?"

"Ishirini na nane ndiyo nzito."

Nikajua huyu ana chake dukani, anataka nizirudishe apate kitu kidogo. Nikamwambia kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia, "Fundi, wewe gonga misumari, hesabu niachie mimi." Akagonga. Alipomaliza akaniomba jambo moja tu, turudishe mawe juu mpaka upepo wa mwezi wa kumi upite. Mawe, juu ya bati za rangi ya damu ya mzee! Nikakodi mkokoteni wa ng'ombe, mawe yote ya baba nikayamwaga kwenye korongo nyuma ya soko, na zile bati za zamani nikampa jirani yetu Mama Kulwa aezekee banda la mbuzi. Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua choroko.

Siku ya wageni nilivaa suti. Ng'ombe walishushwa kwenye lori wakafungwa pembeni ya uwanja, wazee wakapewa viti chini ya upenu, na mimi kama mtoto mkubwa wa marehemu nikasimama kukaribisha. Ningesema karibuni nikakaa, yote yangeishia hapo bila maneno. Lakini nikaingiza paa. Nikawaambia wazee wangu, familia mnayoioa si ya kubahatisha, hata paa mnaloliona hapo juu ni geji kubwa kuliko zote zinazouzwa.

Baba mkwe, Mzee Lutonja, ambaye kumbe amejenga nyumba zake zote kwa mkono wake, akauliza taratibu, "Ngapi?"

"Thelathini na mbili, mzee."

Akalitazama paa. Akamtazama mwenzake. Kisha akanyanyua kiti chake akakisogeza mbali na upenu, na wenzake nao wakasogeza vyao, mimi nikadhani wanakimbia jua.

Upepo ulipoanza, bati la kona likawa linapigapiga, na nawaapia, nilidhani ni makofi. Nikaongeza sauti. Kilichofuata ni mlio wa kuchanika, misumari ikabaki kwenye mbao na bati zikaondoka, moja, halafu tatu kwa pamoja, halafu upande mzima wa mbele. Moja ilitua katikati ya ng'ombe. Ng'ombe wakakata kamba wakakimbilia senta, wazee wa watu na makoti yao wakawafuata wakipiga miluzi, akina mama wakaacha masufuria, na mimi, badala ya kukimbilia la maana, nikalirukia bati moja lililokuwa linaburuzwa na upepo nikalilalia kifudifudi na suti yangu. Hapo ndipo kila simu ilipokuwa imeelekezwa.

Nilipoinuka nikaingia ndani kumtafuta mama. Alikuwa amesimama chumbani kwake, kitanda chake, sanduku lake na magunia yake ya mahindi vyote vikipigwa na jua la saa nane. Akaniuliza, bila ukali wowote, "Masanja, mawe ya baba yako umeyaweka wapi?"

Nikamwambia korongoni. Akatikisa kichwa kidogo akaanza kukunja blanketi lake.

Ng'ombe walipatikana wote, na Kabula aliolewa, ingawa wakwe waliomba kistaarabu kwamba kikao cha pili azungumze mtu mwingine. Video ilifika Nyasubi kabla yangu. Mpaka leo mteja anaingia dukani, uso mkavu kabisa, ananiambia, "Nipe geji arobaini na mbili, nyeusi." Hayo nimeyazoea. Sijazoea kwamba mvua ilianza wiki ileile, mahindi ya mama yakalowa, na mama yangu, mwanamke aliyelala kwenye nyumba yake mwenyewe tangu aolewe, akawa anabeba blanketi kwenda kulala kwa Mama Kulwa.

Nikaenda kwa huyo Mama Kulwa. "Shikamoo mama." "Marahaba. Umefuata bati." Hakuuliza, alisema. Nikazibandua mwenyewe kwenye banda, mbuzi wananitazama. Kisha nikashuka korongoni, na kwa kuwa mwenye mkokoteni alidai ng'ombe wake wamechoka (alikuwa anacheka), nikayabeba mawe begani, moja moja, kupitia katikati ya soko, huku watu wakiniambia, "Geji Kubwa, pole na kazi." Manne sikuyaona tena. Fundi Zakaria alirudi nilipomwita, na hakunikumbusha neno hata moja, jambo ambalo liliniuma kuliko kutukanwa. Mama alisimama chini akituelekeza kila jiwe na mahali pake, lile jeusi kona ya jikoni, lile bapa juu ya chumba chake. Alikuwa anayajua yote.

Nimeapa sitasimama tena mbele ya watu kusifia kitu nisichokijua, na fundi akiniita pembeni nakwenda na mdomo nimeufunga. Lakini kuapa hakurudishi kitu. Mwaka huu upepo umekuja tena, paa halikutikisika. Mwezi uliopita nilikuwa pale, nimetoka kuziba tundu, ngazi bado iko begani, akapita mama mmoja mgeni wa mtaa, paa lake limechukuliwa na upepo, akamuuliza mama nani alimwezekea.

"Baba Masanja," mama akasema.

Yule mgeni akanigeukia na ngazi yangu, akauliza kama ndiye huyu.

"Hapana," mama akamjibu. "Huyu ni Masanja."