Masizi ya Garimoshi

Eldoret nzima ni mimi tu, mwenye diploma ya rangi kutoka ng'ambo, ninayeweza kulirudishia garimoshi kuukuu la kuchezea rangi yake ya kwanza. Leo nilipofungua tapentaini, harufu ilinikumbusha shamba alilonunua baba kwa mzungu aliyekuwa akihama. Ndani ya stoo iliyonuka vivyo hivyo tulipata garimoshi dogo jeusi, likawa langu. Mama akalichukua, akalisugua kwa jivu na gunzi la mahindi, kama sufuria.

“Mama, unatoa rangi!”

“Rangi gani? Hii ni masizi. Kwani huyo mzungu hakuwa na mtu wa kuosha vyombo?”

Bati liling'aa jeupe. Chini, karibu na gurudumu, palisalia weusi wa upana wa ukucha. Mama alipoinama kuchota jivu zaidi, nilipafunika kwa kidole gumba.