Tulisema Anafunga

Mdogo wangu alipoanza kufunga, nyumbani tulishangilia. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa pombe, na kwetu kijana akiacha chupa akashika maombi, haulizwi maswali. Alikaa na mama yetu huko Makobola, kando ya ziwa. Asubuhi alikwenda kusali kwenye mawe, akarudi jioni bila kutia kitu mdomoni. Akakonda. Akaacha kulala. Akasema ziwa linamwita kwa jina. Akavunja redio ya mama kwa sababu mtangazaji alikuwa anamtukana, yeye peke yake. Sisi tukasema ana kipawa.

Mimi nauza vikwembe, yaani vitenge, sokoni Kimanga mjini Uvira, na ni mtu wa kuhesabu kila kitu mara mbili, hata salamu. Lakini hilo sikulihesabu hata mara moja. Lilinifaa. Wanawake wa kanisa walifika dukani: "Dada ya nabii, punguza kidogo." Sikupunguza, ila nilipenda kuitwa hivyo.

Siku ile duka lilikuwa limejaa. Nilikuwa nampimia mteja kikwembe, simu iko mezani, sauti nimeiweka juu. Jirani wa mama akapiga kutoka Makobola.

"Mama, mudogo wako amefungisha mama yenu. Toka jana."

"Bwana asifiwe," nikasema. "Muambie akunywe hata maji, ni muzee."

Jirani akarudia: "Weye, minye nasema amemufungisha."

"Nimesikia. Kesho minye pia nitafunga, nimuunge mukono."

"Na kamba!" akapiga kelele. "Amemufunga na kamba ya mutumbwi ku kitanda, anamupiga! Weye utaunga nini?"

Duka zima liligeuka. Mke wa shemasi akauliza, "Nani amefungwa?" Na mimi, mwenye mdomo usiokosa neno sokoni, nikajibu, "Mbuzi. Mbuzi ya mama inasumbua." Nikakunja kile kikwembe vizuri, pembe kwa pembe, ndipo nikatoka kutafuta pikipiki.

Nilimkuta mdogo wangu mlangoni pa mama, mpole, shati amelifua; akaniita yaya, dada mkubwa, kama kawaida.

"Yaya, vua viatu. Kazi inaendelea."

"Kazi gani?"

"Ule mu nyumba si mama. Mama iko mbali kabisa ndani yake. Namuita atoke."

Mama alikuwa sakafuni, mikono imefungwa kwenye mguu wa kitanda, jicho moja limevimba hadi kuziba. Kasia lilikuwa juu ya godoro. Hakulia. Alinitazama kama mtu aliyekutwa anaoga.

Nilifanya ninachokijua. Mali yenyewe, kama huyo ni mama au si mama, sikuigusa; nikashika bei.

"Bado siku ngapi?"

"Tatu."

"Muzee hawezi tatu. Moja."

"Mungu hapunguzike, yaya."

"Basi weye upumzike kidogo. Uvira kuna wagonjwa wamejaa ku mabenchi, hawana wa kuwaombea. Twende, na huyu tumubebe pamoja."

Akafikiri. Miguu yake ilikuwa imevimba, na nadhani naye alikuwa amechoka. Akaifungua kamba mwenyewe, taratibu, huku akiipuliza mikono ya mama pale ilipochubuka.

Kuhusu mabenchi sikumdanganya. Kituo cha afya kilikuwa nayo, na yalijaa. Akapita akiwawekea watu mikono kichwani, wengine wakaitika amina. Muganga, daktari wa zamu, akamwita mama nyuma ya pazia, nami nikaingia naye.

"Mama, uso umefanya nini?"

"Nilianguka ku mawe," mama akasema. "Na ule mutoto wangu pale inje iko na malaria. Andika malaria, mwanangu."

Kwetu malaria ni ugonjwa wa heshima, hata wachungaji wanaugua. Na mama ndiye aliyenifundisha kupatana bei. Nilimwelewa: apewe vidonge, na jioni warudi wawili kwenye nyumba yao, kasia likiwa palepale juu ya godoro. Muganga alikuwa ameshashika kalamu. Foleni ilikuwa ndefu, na malaria inaandikika haraka.

Nusu ya watu kwenye yale mabenchi hununua kwangu.

"Si malaria," nikasema. "Anasikia sauti. Amemufunga mama, amemupiga na kasia."

"Sijasikia," muganga akasema.

Kweli, sauti ilikuwa imetoka ndogo. Ikabidi niseme tena, kwa nguvu, na huko nje wakanyamaza wote. Mama akavuta kitambaa chake akaufunika uso. Muganga alikuwa ameshauona uso huo. Mimi ndiye niliyekuwa nafichwa uso huo.

Mdogo wangu akafungua pazia. Alisimama pale na mkono mmoja bado uko hewani, kama aliyekatizwa sala.

"Yaya," akaniuliza, bila hasira, "unaniuza?"

Nikaushika ule mkono, nikaushusha.

Muganga akamvutia kiti. Akamwuliza polepole: sauti ni za nani, zinasema nini, mara ya mwisho kulala ilikuwa lini, zinamwogopesha? Hakuna kati yetu aliyewahi kumwuliza hayo. Akaketi, akajibu yote, moja baada ya jingine, kwa adabu, kama mtu aliyengoja sana kuulizwa. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.