Chumba cha Swalehe Kimebaki Dirisha

Ni adhuhuri ya siku ya soko, Ruangwa. Upepo unavuma na vumbi lake jekundu, na Swalehe Nanyambe anavua koti haraka, anafunika nalo kanzu nyeupe iliyo nusu mashineni. Vumbi la kichwani mwake halijali. Cherehani yake ya mkono imekaa kwenye kibaraza cha duka la watu, juu ya kasha la sabuni, na kila wapagazi wanapoleta magunia yeye ndiye wa kuhama.

"Kanzu ya Idi ya mtu hii," anasema. "Ikichafuka nimweleze nini? Kwamba upepo umekosa adabu?"

Watu wa sokoni humcheka fundi huyu kwa sababu anataka chumba cha kazi. Si duka wala ghala, chumba tu cha kukaa na kushona nyumbani kwake. Wanamwona ana makuu. Hawajui kwamba alishakuwa nacho, na namna alivyokipoteza inauma.

Mwaka 1949 alikuwa mtumishi Nachingwea, kwa injinia Mzungu wa mradi wa karanga. Kila asubuhi alifagia chumba ambamo bwana huyo alifanyia kazi zake za nyumbani. Hakikuwa na kitanda wala gunia. Meza ilikaa dirishani, mwanga ukiingia kushoto, na kila kifaa kiliwekwa pale mkono unapofika bila mtu kuinuka.

Mpishi wa nyumba ile, Ildefonsi, hakupita mlango ule bila kusonya. "Sisi tunabanana bandani, karatasi zake zina chumba!" Alikuwa na haki ya kukasirika, na Swalehe alilijua hilo. Ila hasira ile hakuichukua.

"Ningesonya, ningepata nini? Mimi nafagia huku napanga moyoni: hapa ingekaa cherehani, pale mkasi."

Hata kwa mwalimu Protasi wa misheni, aliyekata kona ya sebule kwa pazia la magunia ili asahihishie madaftari humo, Swalehe alitoka akitabasamu. Kama pazia lilimtosha mwalimu, basi na yeye angeweza.

Mradi ulipofungwa alirudi Nandagala kwa mkewe Zaina, akajenga. Kwa Wamwera mume huhamia kwa ukoo wa mke, na nyumba anayoijenga huko ni ya ukoo huo. Swalehe alilijua tangu utotoni, lakini furaha ilimsahaulisha. Alitengeneza meza kwa mbao za makasha, akatoboa dirisha upande wa mashariki, na Zaina akapaka kuta udongo mweupe. Wateja walimfuata hata kutoka Mandawa.

Zaina alifariki masika ya mwaka juzi. Baada ya arobaini, mjomba wa marehemu, Mzee Mikidadi, alimwita mkwe wake.

"Mkwilima, hatuna ugomvi na wewe. Lakini aliyekuleta hapa hayupo."

"Nimekuelewa, Mjomba," alijibu, akajitwisha cherehani.

Kwa mila, mzee hakukosea. Ndiyo maana Swalehe hana wa kumshtaki, na uchungu wake hauna pa kwenda.

Mavuno yaliyopita mzee alimwita tena, ashone magunia ya ufuta. Akapelekwa chumba kile kile. Magunia yalikuwa yamefika kwenye paa, na dirisha limezibwa kwa udongo wezi wasiingie. Alishona gizani kwa kupapasa, mgongo ukiegemea ukuta alioupaka marehemu.

"Cha Mzungu sikukionea wivu," anasema, na mkono unasimama juu ya cherehani. "Cha mwalimu sikukionea. Siku ile niliyaonea wivu magunia."

Alipoulizwa anataka ujira gani, aliomba fremu ya lile dirisha. Mzee Mikidadi alishangaa. "Ing'oe tu, mkwilima. Kwetu haina kazi."

Fremu hiyo sasa imeegemea ukuta wa duka, nyuma ya kasha la sabuni. Kiangazi kikiingia, Swalehe atakata nguzo akajenge Kiegei kwa dada yake Ashura, kwenye ardhi ya mama yao, ambako hakuna atakayemwambia kwamba aliyemleta hayupo. Anasema atasimamisha dirisha kwanza, ukuta utalifuata.

Na udongo mweupe, nani ataupaka?

Swalehe anakung'uta vumbi kwenye koti.

"Nitapaka mwenyewe. Zaina alipokuwa anapaka, nilikuwa namtazama."